Siku Arobaini za Kuanika

Kazi yangu hapa Mtwara mjini ni kuiandikia kanuni kompyuta ya ghala la korosho: ikitokea hivi, fanya vile. Watu wakisikia hudhani nimesoma sana. Nina kiburi kidogo, siwakatazi.

Msimu ule niliandika kanuni ya unyevu. Mtunza ghala akipima korosho akakuta hazijakauka, kompyuta imtumie mkulima ujumbe: "Njoo uchukue korosho zako, uanike siku moja zaidi." Kisha iandike kwenye taarifa zake kwamba ameambiwa. Nilichosahau ni kwamba taarifa zikiguswa tu, kompyuta huzisoma upya. Ikasoma, ikakuta unyevu uleule, ikatuma tena, ikaandika tena, ikasoma tena.

Wa kwanza kupimiwa asubuhi kanuni ilipoanza kazi alikuwa mama yangu, mkulima wa Kitaya. Alipata ujumbe mara arobaini, mpaka kifurushi cha ujumbe cha ghala kilipokwisha. Akaja, akachukua magunia yake, akapotea. Siku ya tisa mtunza ghala akaniuliza mama yuko wapi, maana mnada wa mwisho ulikuwa wiki inayofuata. Nikapanda bodaboda.

Nilimkuta uani, korosho zimetandazwa kwenye turubai, kavu hadi zinagongana.

"Shikamoo mama. Mbona hujazirudisha?"

"Marahaba. Si umesema siku moja, mara arobaini? Zimebaki thelathini na moja." Akanionyesha kokoto alizozipanga barazani. Kila jioni alikuwa akiondoa moja.

"Si mimi mama, ni kompyuta."

"Na kompyuta anaiandikia nani? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku hizi mkuu ni wewe."

Nilicheka, halafu nikaona haya. Tukazizoa, tukawahi mnada.

Niliporudi kazini niliitibu kanuni. Kila aliyeambiwa nilimwekea alama, na kanuni ikikuta alama inyamaze. Ya mama niliiweka kwa mkono wangu mwenyewe, asisumbuliwe tena. Mashine ikatulia, nami nikajipongeza.

Msimu uliofuata mvua iliwahi. Korosho za mama zilipimwa, zikakutwa na unyevu. Kompyuta ikaiona alama ya mwaka uliopita, ikanyamaza. Mtunza ghala alidhani mashine imeshasema. Mama alijua hajaambiwa kitu. Alipokuja siku ya mnada alikuta magunia yake yote yamewekwa pembeni, yameota ukungu. Jasho la mwaka mzima. Niliumia, na sikuwa na wa kumlaumu.

Nilimfuata nje ya ghala, alipokuwa amekaa kwenye ngazi. Nikamweleza habari ya alama, na kwamba nimeshabadilisha: kipimo kipya kikiingia, alama ya zamani inafutika. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Ila zile arobaini sijazifuta kwenye simu. Tangu uhamie mjini, hujawahi kunisemesha mara nyingi vile."