Ng'ombe Mwekundu Hapigi

Meno mawili ninayokosa upande wa kushoto niliyapoteza kwa sababu ya barua. Nikisema hivyo watu hucheka wakidhani natania, kwa hiyo siku hizi nawaambia nilianguka. Lakini ilikuwa barua, tena barua nzuri: kurasa mbili kutoka kwa mzee mmoja wa Ulaya aliyejua kuvu kuliko alivyojua watu, akinialika nikakae miezi mitatu katika maabara yake.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mtafiti katika kituo kidogo cha chai, kati ya Kericho na Sotik, na kazi yangu ilikuwa kuvu inayoua michai kuanzia mizizini. Mtu hukata msitu, hupanda chai, huacha visiki ardhini. Miaka ikipita, kuvu hutoka kwenye kisiki ikaingia mizizi ya mchai ulio jirani, na mchai hukauka ukiwa umesimama. Ukiung'oa na kubandua gome unaona utando mweupe kama ule unaoganda juu ya maziwa yaliyochemka. Nilikuwa nimekusanya vipande vya mizizi kutoka Kedowa mpaka Sotik, na niliamini kwamba hapa kwetu tuna kuvu za aina mbili, si moja. Ili nithibitishe, ilinibidi nizilinganishe na zile ambazo yule mzee alikuwa amezihifadhi kwenye chupa maisha yake yote. Zake hazikuruhusiwa kuingia nchini, na zangu zilikuwa zikifa njiani. Ilikuwa lazima niende mwenyewe.

Kazini walinipa ruhusa. Nauli ililipwa na wenyeji wangu. Ilibaki pasipoti tu, na karani wa pasipoti jijini alinirudishia fomu zangu bila kuzisoma.

"Umeolewa?"

"Ndiyo."

"Basi leta barua ya bwana yako. Aandike amekubali, aweke saini, na kopi ya ID yake."

Nilimuuliza kama bwana yangu naye akitaka pasipoti ataleta barua yangu. Karani alicheka, akamwita mwenzake aje asikie.

Bwana yangu alikuwa na ekari tatu za chai na ng'ombe watano, na alikuwa mchapakazi, sitamnyima hilo. Alisoma mpaka darasa la saba. Mimi nilikuwa na digrii mbili, na wenzake pale kwenye banda la kupimia majani walikuwa wakimtania kila siku wakimwita bwana ya daktari. Sanduku la posta lilikuwa lake, ufunguo alikuwa nao yeye. Siku mwaliko ulipofika, kabla ya hayo ya karani, alikuja na bahasha, akaiweka mezani, akaniambia nimsomee. Nilimsomea nikitafsiri kila neno, kwa sababu sikuwa na la kuficha. Nilipofika kwenye miezi mitatu alinipiga ngumi. Jino moja lilitoka papo hapo. La pili nililing'oa mwenyewe kesho yake kwa vidole, nikiwa maabara, mbele ya kioo cha kabati.

"Ukienda hutarudi," alisema. "Na mimi nitakuwa mwanaume wa aina gani, wa kusindikiza mke kwa ndege?"

Ningemwandikiaje yule mzee mambo kama hayo? Niliona haya, na haya hiyo ninayo hata sasa nikiandika. Nikamwandikia kwamba mwaka huo sitaweza kuja, ng'ombe alinipiga teke la uso nikikamua.

Ng'ombe niliyemsingizia alikuwa mwekundu wangu. Siku ya harusi niligoma kuingia boma la kina bwana yangu, kama desturi yetu ilivyo, mpaka waniahidi kitu. Mama mkwe akaniahidi ndama mwekundu. Alikua akawa ng'ombe mpole kuliko wote. Ungeweza kumkamua mvua ikinyesha, watoto wakipita chini ya tumbo lake, na asigeuze hata kichwa.

Mzee alijibu kwa pole nyingi na kurasa nne za kuvu. Tukaendelea hivyo. Mimi nilimwandikia jinsi michai inavyokufa kwa mduara kuzunguka kisiki, yeye akaniuliza urefu wa mduara, rangi ya utando, harufu yake. Barua zake ndizo pekee zilizonichukulia kama mtu mwenye akili, na nilizihitaji kama chakula. Mwaliko wa pili ulipofika, nilivunjwa mbavu. Nikaandika kwamba ni yule ng'ombe tena. Miezi michache baadaye bwana yangu alinikanyagia mkono sakafuni kwa viatu vya mvua, kwa sababu alinikuta nikiandika. Barua iliyofuata niliiandika kwa mkono wa kushoto, nikamlaumu ng'ombe kwa mara ya tatu.

Mzee akanitumia mchoro. Pembeni mwa karatasi alikuwa amechora ng'ombe kwa nyuma, na kamba iliyozungushiwa miguu, fundo likionyeshwa kwa mshale. "Mfunge hivi kabla ya kukamua," aliandika. "Na kama haisaidii, kwa nini hamumuuzi?"

Barua hiyo ilinitia hasira kiasi cha kutaka kuichana. Huko mbali kulikuwa na mtu ameketi anahangaika na fundo la kamba kwa ajili yangu, na huku nyumba ya mama mkwe ilikuwa hatua thelathini kutoka yangu, kelele zote zinamfikia, na hajawahi hata kukohoa.

Mwaliko wa tatu ulikuwa wa mwisho. Mzee alikuwa anastaafu, maabara inafungwa, na chupa zake zitagawanywa kwa watu mbalimbali. Nisipofika kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata, sitaziona tena. Niliweka barua mezani, nikamwambia bwana yangu kwamba safari hii anaweza kuniua, lakini nitamwomba hiyo saini kila asubuhi mpaka aniue.

Hakunipiga. Alifanya jambo ambalo aliona ni la akili zaidi: alikusanya barua zote kwenye mfuko wa mbolea akaitisha kokwet, kile kikao cha majirani kinachoamua mambo ya mtaa. Mashtaka yake yalikuwa kwamba mkewe ana mwanaume Mzungu, na ushahidi ni mfuko mzima.

Tulikaa Jumapili baada ya kanisa, kwenye banda la kupimia majani, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Wazee walikaa kwenye mabenchi, wanawake nyuma. Katekista mstaafu, ambaye Kiingereza chake kiliaminiwa, alivaa miwani akaanza kusoma na kutafsiri. Alisoma visiki. Alisoma mizizi, gome, na harufu ya kuvu. Kwa nusu saa nzima hakupata hata neno moja tamu. Mzee mmoja, ambaye chai yake ilikuwa inakufa upande wa mtoni, aliinua mkono akaniuliza kama hicho kisiki aking'oe chote au akichome tu. Bwana yangu akasema hawakuja hapo kwa mambo ya kisiki.

Katekista akachukua karatasi nyingine. Ndipo nilipomkumbuka ng'ombe.

"Hapa anasema pole kwa kupigwa na ng'ombe," alitafsiri. Akafungua nyingine. "Hapa pia ng'ombe. Amemvunja mbavu." Akafungua ya tatu, akaigeuza huku na huku. "Hapa amechora."

Mchoro ukapita mkono kwa mkono. Wazee waliuangalia kwa makini sana. Mmoja alisema hilo fundo litafunguka, mwingine akasema Wazungu hufunga hivyo na linashika. Mwenyekiti akauliza, "Huyu ni ng'ombe gani?"

Bwana yangu alikuwa ameanza kuelewa kwamba uongo wangu ulimkinga.

"Ni yule mwekundu," alisema.

Kukatokea kelele nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa amesimama. Mwanamke huyo sikuwahi kumsikia akipaza sauti, lakini siku hiyo alipaza mpaka mizani ikatikisika.

"Mwekundu gani? Yule niliyempa mimi? Mimi nilimkamua mama yake, na nyanya yake nikamkamua! Hakuna ng'ombe wa kupiga watu katika boma langu. Nani anasema mwekundu anapiga? Mwekundu hapigi!"

Kila mtu akaanza kusema. Mwanamke mmoja alisema amewahi kumkamua mwekundu nikiwa kazini, na alisimama vizuri. Mzee mmoja alisema ukoo wa ng'ombe huyo anaujua tangu ahamie hapa, wote wapole. Kijana wa maziwa alishuhudia. Banda zima lilisimama kumtetea ng'ombe, na mimi nimekaa pale katikati na pengo langu mdomoni, nikiwahesabu. Walikuwa watu thelathini na kitu. Wote waliniona nikienda kazini na uso umevimba. Nilitamani banda liwaangukie.

Mwenyekiti alisubiri kelele zitulie.

"Sawa. Kama mwekundu hapigi," alisema, "huyu mama amepigwa na nani?"

Bwana yangu aliangalia viatu vyake. Mwenyekiti hakuuliza mara ya pili. Alisema mwanaume aliyeiletea kokwet barua za visiki na kumsingizia ng'ombe wa mama yake ameaibisha mtaa, na kesho asubuhi atamwandikia mkewe hiyo karatasi na kuitia saini. "Na akirudi," aliongeza, "atuangalizie ile chai ya mtoni."

Nililia njia nzima nikirudi nyumbani, kwa furaha.

Kesho yake bwana yangu alisema atatia saini nikimaliza kukamua. Nilikuwa nimeandika barua ya ruhusa tayari, iko mezani na kalamu juu yake. Nikaenda kwa mwekundu, nikaketi kwenye kigoda, nikaosha kiwele. Bwana yangu alinifuata akasimama mlangoni mwa zizi.

"Umeniweka chini ya ng'ombe," alisema.

Nilingoja kofi, mabega nimeyainua kama nilivyozoea. Kofi halikuja. Aliokota mpini wa jembe akampiga mwekundu mgongoni, kisha miguuni, kisha usoni, akimwambia, "Piga basi! Si unapiga? Piga!" Ng'ombe alitetemeka, akalia, lakini hakupiga. Damu ilimtoka puani ikaingia kwenye ndoo yangu ya maziwa.

Miaka yote ile sikuwahi kumrudishia bwana yangu hata kofi moja. Siku hiyo niliinuka na kigoda mkononi, na alipouinua mpini tena nikampiga kwa nguvu zangu zote. Kilitua kwenye kifundo cha mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika, na kusema kweli sauti hiyo ilinifurahisha. Nikampiga tena begani, na tena, mpaka akakimbia akipiga mayowe kuelekea kwa mama yake.

Ulikuwa mkono wa kulia.

Hilo sikulifikiria mpaka aliporudi kutoka hospitali na plasta iliyofika kwenye kiwiko. Aliogopa kokwet, kwa hiyo alikaa mezani akatia saini kwa mkono wa kushoto. Herufi zilipanda na kushuka kama za mtoto wa nasari. Niliichukua hivyo hivyo mpaka jijini. Karani aliiweka kando ya kopi ya kitambulisho, akaangalia huku, akaangalia huku.

"Madam, hii saini si ya huyu mtu."

"Ni yake. Amevunjika mkono."

"Basi aje mwenyewe, na ID orijino. Ama angoje mkono upone, asaini vizuri."

Nilirudi nikamwambia bwana yangu lazima twende pamoja. Alikuwa ameketi jikoni, mkono umening'inia kwenye kitambaa. Aliangalia plasta, kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu kokwet akatabasamu.

"Safari ndefu hivyo? Na mkono huu? Gari litaniumiza," alisema. "Wewe mwenyewe unajua ulivyonivunja."

Mwenyekiti nilimwendea mara mbili. Alisema mtu mgonjwa halazimishwi, ningoje apone. Mwezi ukaisha. Chupa zikagawanywa.

Nilimwandikia mzee barua ya mwisho kuhusu jambo hilo, na safari hii niliandika ukweli wote: meno, mbavu, vidole, kigoda. Niliandika kwamba ng'ombe hajawahi kunigusa. Niliandika kwamba mkono wa kunipa ruhusa niliuvunja mwenyewe, kwa ajili ya ng'ombe, na kwamba kwa ajili yangu sikuwahi kuinua hata kidole. Hilo ndilo lililoniuma kuliko safari, na linaniuma mpaka leo.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, fupi kuliko yote aliyowahi kuniandikia.

"Nilijua," aliandika. "Nilikulia kwenye shamba la ng'ombe. Ng'ombe hampigi shavuni mtu anayemkamua, wala hamkanyagi mtu yule yule kila anapopata mwaliko. Nilichora lile fundo kwa sababu sikujua niseme nini. Nisamehe."

Niliisoma nikiwa nimesimama zizini. Kwa hiyo hata yeye alikuwa anasikia kelele, akiwa ng'ambo ya bahari, akaongea habari za kamba. Niliikunja barua nikaitia mfukoni mwa aproni, nikavuta kigoda kile kile, ambacho mguu wake mmoja ulikuwa na ufa. Mwekundu alikuwa na kovu juu ya jicho na alikuwa ameanza kuogopa watu, kwa hiyo nilimgusa kwanza ubavuni nikamwongelesha. Kisha nikamkamua. Alitetemeka mwanzo mpaka mwisho, na ndoo ikajaa bila yeye kuinua mguu.