Kiporo cha Nduguti

Alasiri moja pale Nduguti, nikisubiri karani arudi ofisini, niliingia kwa mama lishe wa jirani. Sufuria zote zilishaoshwa.

"Chakula kimeisha, mwanangu," akasema, kisha akanitazama vizuri. "Lakini kaa. Mgeni haondoki na njaa."

Akakata kiporo cha ugali vipande vidogo, akakatakata kitunguu na mchicha uliobaki, akachukua na mabaki ya kuku yaliyofunikwa kwa sahani. Mafuta ya alizeti yalipopata moto, akavikaanga vyote kwa pamoja. Upepo ukawa unapeperusha pazia polepole, harufu ikanizunguka, nikajiona niko nyumbani, nina miaka saba, na mama yangu bado hajazeeka. Nikala nimefumba macho.

Nilipoyafumbua, mume wa yule mama alikuwa amesimama mbele yangu, mzee mwenye mvi, ameshika ile sahani ya kufunikia.

"Firigisi yangu iko wapi?"

Mama akaweka mkono mdomoni. "Yesu wangu! Nimemkaangia mgeni."

Kuku akichinjwa huku kwetu, firigisi haina mjadala: ni ya mwenye nyumba. Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa naitafuna.

Mzee akanitazama, akaitazama sahani yangu. Akavua kofia taratibu, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba mwenye nyumba."

Ndugu msomaji, cheo nilishakimeza. Marahaba ndiyo iliyokataa kutoka.