Maziwa Niliyomwaga Nyuma ya Choo

Wazazi wafugaji wa Masisi hawakuniamini nilipokuja kuongoza shule yao. Mimi ni mutu wa Walikale, wa pori, na direkteri aliyenitangulia alikuwa anafukuza watoto waliochelewa kwa sababu ya kukamua. Mimi nikasema wakamue kwanza, halafu waje. Sijui kama ilikuwa akili ao woga tu. Lakini walianza kuja.

Asubuhi moja mama mwenye watoto wanne shuleni aliniletea maziwa mabichi, moto bado, ndani ya chombo cha mbao.

"Kunywa, Papa Direkteri. Sasa uko muntu wetu."

Maziwa mabichi yananichafua tumbo. Badala ya kusema hivyo, nilimwambia asante, nitakunywa polepole. Alipoondoka nikaenda nyuma ya choo, nikayamwaga kwenye majani. Nilipogeuka, alikuwa amesimama pale. Alikuwa amerudi kuchukua chombo chake.

Huku, kumwaga maziwa chini ni kutukana ng'ombe na nyumba nzima. Nilijua. Alipangusa chombo na kikwembe chake alichojifunga, akaenda.

Kesho yake watoto wake hawakuja. Halafu na wa majirani wakabaki nyumbani. Simlaumu hata kidogo.

Nikapanda kwake. Shemeji yake alikuwa mulangoni pa zizi, akaniona mbali.

"Huyu njo yule wa kunywesha majani maziwa! Leo unakuja kumwaga nini, chai?"

Watu wakacheka. Nilikaa chini, nikamueleza mama habari ya tumbo langu, na aibu niliyokuwa nayo ya kukataa.

"Ungesema," akajibu. "Hata bwana yangu hanywi mabichi. Tunamupa mashanza, yale yameganda, na anashiba. Mambo haiko tumbo, Papa. Uliniambia mutoto wangu wa pili anasoma muzuri. Nitajua namna gani kama ile nayo haiko asante ya mudomo?"

Mutoto mwenyewe alikuwa pale, anasikia.

"Hajui kusoma bado," nikasema. "Niliogopa utamtoa shuleni."

Shemeji aliacha kucheka. Kisha mama akamuambia mutoto, bila kuniangalia:

"Wewe, kesho unarudi. Ndugu zako, nitaona kwanza."

Mutoto alirudi peke yake. Nilimuweka benchi la mbele, na kila alipokosea herufi nilishindwa kumwangalia usoni.