Mama Muhuri

Wafugaji walimwita mke wangu Mama Muhuri, na jina hilo alilipenda. Kwa miaka kumi na tisa ya udaktari wa mifugo hakuwahi kutoa cheti cha chanjo bila kukigonga muhuri wenye jina lake na namba yake ya usajili. "Karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga," alikuwa akisema. Kuna siku aligonga hata orodha yangu ya sokoni, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha ukaja mwaka ambao kicheko kilitutoka. Baraza la madaktari wa mifugo lilitaka kufunga kila kliniki isiyo na chumba cha upasuaji, na ya kwetu ni chumba kimoja tu: meza ya bati, jokofu la chanjo, mzani wa mbwa. Wajumbe walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, na kiti kimoja kilikuwa wazi. Mgombea aliyeahidi kutuokoa alikuwa mwanamke aliyesoma na mke wangu.

Kura zilitumwa kwa posta, na madaktari wa vijijini huwa hawazirudishi. Mke wangu alikuwa hali, halali. Akapanda pikipiki siku nne kuwafuata wenzake saba. Mmoja alimkuta mkono wote umo ndani ya ng'ombe anayezaa, akasubiri mpaka ndama akatoka, kisha akampa kalamu.

"Dada, mimi siasa siziwezi," yule alilalamika.

"Siasa gani? Hii ni riziki yangu, kaka. Weka alama ya vema hapo, halafu ugonge muhuri. Usinifanyie mambo nusunusu."

Alirudi na kura saba, vumbi mpaka kwenye kope, akaongeza na yake. Mimi ndiye niliyezitia kwenye bahasha na kuzipeleka posta. Maelezo yalichapwa nyuma ya kila karatasi, na sikuyasoma. Hilo sitajisamehe.

Siku ya matokeo nilimsindikiza ukumbini. Mgombea wetu alishindwa kwa kura tano. Kisha msimamizi akataja zilizoharibika: nane, zote kwa kosa moja. Kura ni siri, alisema, na hizi zilikuwa na muhuri wa mpiga kura.

Mke wangu alinishika mkono. "Amesema ngapi?"

"Nane."

Hakulia. Njia nzima alikuwa akirudia, "Mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu mwenyewe." Nilitamani anitukane mimi, lakini hakunitukana.

Kesho yake mfugaji mmoja alileta ndama kuchanjwa. Mke wangu alichanja, akajaza cheti, akamkabidhi.

"Daktari, mbona hujagonga? Kwenye kizuizi cha mifugo barabarani watanirudisha."

Alivuta droo, akautazama muhuri. Akanisogezea.

"Baba watoto, gonga wewe."

Nikagonga. Kliniki ilikuwa imebakiza miezi mitatu kabla ya kufungwa.