Programu ya Kevo Ilivyomwanika Baba Kanisani

Sauti ya baba yangu ilijaa kanisa zima, spika zote mbili, na baba yangu mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya kwaya mdomo umefungwa.

Nilikuwa mstari wa mbele. Niliuona huo mdomo. Haukutikisika hata kidogo.

Na alichokuwa anasema kwenye spika kilinihusu mimi.

Tulia nikusimulie, maana watu wa Tororo wameshaisambaza hii habari, kila mtu na chumvi yake. Mwenye habari ni mimi.

Naitwa Athieno. Siku za wiki niko Busia upande wa Uganda, nauza mihogo mikavu ninayoitoa vijiji vya Masinya na Lunyo. Jumamosi narudi kwetu Tororo kwa mazoezi ya kwaya, kwa sababu mwalimu wa kwaya ni baba yangu, Mzee Obbo, na mtoto wa mwalimu hana ruhusa ya kuumwa koo.

Upande wa pili wa mpaka, Kenya, kuna kijana anaitwa Kevo. Ana kibanda cha kompyuta. Nilimpelekea simu iliyokufa.

Simu haikupona. Lakini mimi nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Unajua mambo.

Kevo ni mtu mzuri. Kasoro yake ni moja, ukimuuliza saa ngapi anakueleza saa inavyotengenezwa. Nimemzoea. Nampenda hivyo hivyo.

Tulikubaliana kuoana. Kilichobaki ni Baba kutoa siku, wajomba wa Kevo waje nyumbani kujitambulisha. Bila siku hiyo, kwetu hakuna ndoa. Mnaishi tu kama watu waliookotana njiani.

Baba akaombwa siku. Akasema, "Nafikiria kwanza."

Alifikiria mvua zikanyesha zikaisha. Zikanyesha tena. Kila nikimuuliza, "Bado." Akikutana na Kevo anamwita Mkenya, hata jina hataji.

Nikaanza kuamini hamtaki. Kuna siku nililia juu ya magunia ya mihogo mpaka mteja akaniona, akaacha kuomba nimpunguzie bei.

Aliyeleta wazo ni Shangazi Harriet, dada yake Baba. Huyo mama akikaa kimya ujue amelala.

"Mkenya wako si anajua kompyuta?" akaniambia. "Na Obbo analia na ile redio yake ya kaseti imekufa, hawezi kujisikiliza mazoezi. Mpe kazi huyo kijana. Mwanaume akishakutengenezea kitu, huwezi kumfukuza tena."

Kevo kusikia hivyo, macho yakawaka. Akaahidi kuandika programu, aiweke kwenye kompyuta ya kanisa iliyo chumba cha kwaya. Unabonyeza Anza, inarekodi. Unabonyeza Maliza, inasafisha sauti. Unabonyeza Cheza, mnasikiliza.

Siku ya kumweleza Baba, nilimwomba Kevo aeleze kwa ufupi. Nilimwomba kwa jina la Mungu.

"Mzee," akaanza, "programu yangu yenyewe hairekodi. Iko na programu zingine ndogo inaziita kutoka nje. Moja ya kurekodi, moja ya kusafisha, moja ya kucheza. Ni kama ajenti wa mizigo pale mpakani. Unampa karatasi zako, yeye anatuma huyu kwa mizani, yule kwa mihuri, wewe unaona yeye tu."

Baba ana Kiswahili chake cha Tororo, 'inajua' yeye husema 'najua'.

"Kwa hiyo hii yako hajui kurekodi."

"Hapana mzee. Inaita nyingine."

"Kusafisha hajui."

"Inaita nyingine."

"Sasa yenyewe najua nini?"

"Inajua kuita, mzee."

Shangazi Harriet akaanza kukohoa. Si kikohozi.

"Kumbe ni bosi," Baba akasema.

Kevo, badala ya kunyamaza kama mtu anayetafuta mke, akajibu, "Ni kama wewe tu, mzee. Kwaya ndiyo inaimba. Wewe unapunga mkono."

Nikaona ndoa yangu inatoka mlangoni na viatu vyake mkononi.

Baba aliutazama mkono wake mwenyewe. Kisha akasema, "Mkenya iko na mdomo." Lakini hakumfukuza.

Jaribio la kwanza likawa aibu. Kevo alileta programu kwenye flash, akaiweka, kwaya imepangwa, Baba mikono juu. Anza ikabonyezwa. Ikatokea sanduku la maandishi, eti haioni programu ya kurekodi.

"Lakini kwangu ilikuwa inafanya fiti!" Kevo akasema, jasho linamtoka.

"Kwako ni Busia," Baba akasema. "Nipeleke kwaya mzima Busia waimbe kwako?"

Kumbe ile ndogo ya kurekodi ilikuwa imebaki kwenye laptopu ya Kevo. Ile kubwa imefika Tororo peke yake, inaita jina, hakuna wa kuitika. Akina mama wa soprano wakacheka mpaka wakakaa chini.

Jumamosi iliyofuata akarudi. Safari hii alikuwa amezifunga zote ndani ya folda moja, na ile kubwa ameiambia itafute kwenye mfuko wake kwanza, isiombe kitu kwa mwenyeji. Ikafanya kazi. Tulijisikia tukiimba, na besi wakagundua ni nani amekuwa akiwapoteza miaka yote hiyo.

Ila kila ukibonyeza Anza, kidirisha cheusi kilichomoka kwenye skrini, na maandishi meupe yanakimbia yenyewe.

Mama Maximilla, soprano wetu mkubwa, alikiona akaanza kukemea mapepo.

"Ni ile ndogo inafanya kazi yake tu, mama," Kevo akamwambia. "Usiogope."

"Toa hiyo kitu," Baba akaamuru. "Nafukuza watu yangu."

Kevo akakificha. Sasa ile ndogo ikawa inafanya kazi kwa nyuma, haionekani. Kila mtu akafurahi. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kujua kama iko kazini au imelala.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya mavuno, tulirekodi wimbo mpya. Ulitoka vizuri ajabu. Baba hakubonyeza Maliza. Alienda moja kwa moja kwenye alama ya kufunga, akaibonyeza, skrini ikawa safi.

"Mimi sipendi acha kitu wazi," akasema.

Sisi tukaenda zetu. Baba na Shangazi wakabaki, kama walivyokuwa wakibaki kila Jumamosi. Mimi nilidhani wanapanga viti.

Jumapili asubuhi kanisa lilijaa. Ndizi, kuku, magunia ya mtama mpaka kwenye madhabahu. Kevo alikuwa amekuja, amevaa koti la kuazima, mikono inaishia njiani. Baba alitaka wageni wakiingia wakute wimbo mpya unasikika, na ule waya kutoka chumba cha kwaya mpaka kwenye spika Kevo alikuwa ameshauvuta. Baba akaenda akabonyeza Cheza, akarudi kusimama mbele yetu, kifua mbele.

Wimbo ukapigwa. Watu wakapiga makofi.

Halafu tukasikia viti vinaburutwa. Mlango unafungwa.

"Harriet," sauti ya Baba ikasema kwenye spika, "kaa hapo. Leo tena wewe ni mjomba ya Mkenya."

"Wiki jana nilikuwa mjomba," sauti ya Shangazi ikajibu. "Nimechoka kuwa mwanaume."

"Anza."

Kimeumana. Kevo akaruka kwenye benchi akakimbilia chumba cha kwaya. Aliniambia baadaye kwamba aliifunga programu mara moja. Ikafungika vizuri. Sauti ikaendelea. Ile ndogo ya kucheza, kama mwenzake wa kurekodi, ilikuwa haina habari kwamba bosi ameondoka.

Akatafuta waya wa umeme. Aliyemkuta pale ni Mama Maximilla, amemfuata mbio, amemshika koti.

"Gusa hiyo waya," akamwambia, "na mimi nagusa wewe. Tunasikiliza."

Kwenye spika, Shangazi Harriet alikuwa amesafisha koo na kutoa sauti nzito ya puani.

"Bwana asifiwe, wazee! Sisi tumetoka Busia Kenya. Tumepita boma nyingi, lakini kwa hii boma tumeona ua. Tukasema hatutoki bila ua!"

Kanisa likaangua kicheko. Shangazi mwenyewe, benchi la tatu, alijifunika kitambaa kichwa kizima.

Kisha sauti ya Baba, polepole, kama mtu anayesoma somo.

"Wageni yetu, karibu. Huyu kijana yenu, mimi najua yeye. Iko na mdomo. Lakini mkono yake nafanya kazi, na roho yake ni mzuri. Kama Mungu alinipa kijana, nilitaka awe namna hii. Kwa hivyo leo, mbele ya Mungu na mbele ya watu, mtoto yangu Athieno, nime..."

Kimya.

"Mtoto yangu Athieno, nime..."

Kimya tena. Kanisani hakuna aliyekuwa anacheka sasa.

Yaliyofuata waliyasema kwa Dhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, mimi nakuandikia kwa Kiswahili.

"Ni palepale, Obbo," Shangazi akasema. "Sema tu nimewapa. Ni neno moja."

"Najua ni neno moja."

"Mvua zinakuja zinaondoka, wewe unamwambia mtoto bado."

"Si uongo. Kweli bado. Nikilisema hapa kwa mchezo linanikaba, siku yenyewe mbele ya wageni nitalisemaje? Mama yake angekuwa hai, angelisema yeye." Akapumua. "Nikilisema limeisha, Harriet. Jioni narudi kwenye nyumba ambayo hata nguo ya mtoto haipo kwenye kamba."

Tukasikia mtu anapenga kamasi. Kisha, "Haya. Anza tena."

Hapo Mama Maximilla akamwachia Kevo koti, akauchomoa waya mwenyewe.

Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sina hata aibu. Miezi yote hiyo nilimnunia baba yangu, nampikia bila kumsemesha, nikidhani anamchukia Kevo. Kumbe anajifungia chumba cha nyuma anajifunza namna ya kuniachia.

Reverendi Jonan alikuwa amesimama mlangoni na Biblia yake, hajui aingie au arudi.

Baba hakugeuka kutuangalia. Aliangalia mlango wa chumba cha kwaya, Kevo alipotokea na koti limechanika bega.

"Kuja hapa," akamwambia.

Kevo akaja.

"Hii kitu yako najua kuanza."

"Ndiyo, mzee."

"Kumaliza hajui."

"Haijui, mzee. Makosa ni yangu. Nilisahau kuiambia ikifungwa, iwaambie na wenzake waache kazi."

Baba akamtazama, akanitazama mimi, akafuta uso kwa kiganja.

"Basi sisi mbili tuko sawa," akasema. "Wewe enda tengeneza yako. Mimi natengeneza yangu. Kisha leta watu yako, Kevo."

Kevo. Alimtaja jina.

Unadhani alisikiliza mahubiri, huyo mpenzi wangu? Aliingia chumba cha kwaya, na kabla ya sadaka kutolewa akatoka ananong'ona, "Imekubali. Mwambie mzee, yangu iko tayari."

Wajomba wakaja baada ya mtama uliobaki shambani kuisha kuvunwa. Kiongozi wao, mzee mmoja wa kabila la Wasamia mwenye heshima zake, alisimama, akasafisha koo, akasema wamepita boma nyingi lakini kwa hii wameona ua. Upande wetu wote ukapasuka kwa kicheko, Shangazi Harriet akatolewa nje. Yule mzee mpaka leo hajui alikosea wapi.

Baba akasimama. Nilikuwa nimeficha kitambaa mkononi kwa ajili yake.

"Mtoto yangu Athieno," akasema, "nimewapa nyinyi."

Bila kukwama. Sauti nzima. Watu wakapiga vigelegele. Kisha, kama desturi inavyotaka, akanigeukia mbele ya wote. "Athieno. Tupokee vitu ya hawa watu?"

Mimi niliyelilia hiyo siku. Mimi niliyenuna. Nikafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Nilimwona Baba pale mbele, kola ya shati imekunjwa vibaya kwa sababu asubuhi ile sikuwa na nafasi ya kumnyooshea. Nikajaribu tena. Hakikutoka kitu. Kevo akageuka rangi. Wajomba wakaanza kuangaliana.

Baba ndiye aliyeelewa. Akaja mpaka nilipokaa, akainama, akaniambia kwa lugha yetu, taratibu, wengine wasisikie, "Mwanangu, ni neno moja tu. Mimi mwenyewe limenichukua miezi. Usiharakishe."

Nikamshika mkono, nikalia vizuri, kisha nikalisema.

Ndugu unayesoma, ukiona mzazi anakwambia bado, bado, usikimbilie kusema anakukataa. Huenda jibu analo siku nyingi, anatafuta koo la kulitolea. Kaa naye, mpikie, msemeshe.

Na nyinyi mafundi wa kompyuta, Kevo amenituma niwaambie kuhusu kuita programu na kuzifunga. Alianza kunieleza jana jioni. Bado anaeleza.