Njia Inayoitwa Mapa

Nilisomea upimaji ardhi Ucheki. Jikoni kwenye bweni letu tulikuwa na Mpolandi, Mslovakia na Mcheki, mabinti waliogombania kila kitu: sufuria, dirisha, lugha ya nani tamu zaidi. Siku moja nikatandaza ramani yangu mezani, wote watatu wakatamka neno moja: mapa. Hapo tena wakaanza kugombania neno lenyewe ni la nani. Mimi niliendelea kukaanga vitunguu vyangu.

Niliporudi kwetu Msowero, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchora njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Wakulima na wafugaji walikuwa wamechokana. Kila msimu mahindi yanaliwa, fimbo zinainuliwa. Njia iliyofaa ilikuwa moja tu, nayo ilikata pembeni mwa shamba la mama yangu. Ningeweza kuipindisha kidogo, lakini sikwenda kote kule nije kuchora uongo nyumbani.

Siku ya mkutano nilitandaza ramani chini, mbele ya ofisi ya kijiji. Watu hawakunitazama mimi, walimtazama mama. Akikataa yeye, nani mwingine angekubali? Mama mmoja mfugaji aliwaeleza wenzake kwa Kimasai; mama akanong'onezana na shangazi kwa Kikaguru. Katika lugha zote mbili nilisikia "ramani", na nikalikumbuka lile jiko.

"Hapa ni kwangu?" mama aliniuliza, kidole kikiwa juu ya mstari.

"Ndiyo, mama."

"Na huko ulikosoma, hii wanaiitaje?"

"Mapa."

Akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Haya. Mapa ya mwanangu imepita kwangu. Mwenye neno aanze na mimi."

Njia ikapitishwa siku hiyohiyo. Kesho yake mama aling'oa mwenyewe mikonge ya mpaka wake, akaipanda upya ndani zaidi. Yule mama mfugaji alikuja kumsaidia, wakachimba pamoja mpaka jua likawa kali.

Siku hizi nafanya kazi Mikumi. Juzi nilikwenda kumsalimia mama shambani kwake, tukamsikia mgeni akimuuliza yule mama mfugaji njia ya mtoni.

"Fuata Mapa," alimjibu.

Wakulima nao wanaiita hivyohivyo. Nilijivuna, sifichi, nilicheka peke yangu pale shambani. Mama akaegemea jembe lake, akanitazama.

"Usivimbe kichwa," akasema. "Wewe ulichora. Shamba nilitoa mimi."