Majibu Niliyoyajua Kabla ya Wenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja mjini Meru, Msimamizi wa Maabara alinipa koti jeupe lililonipwaya mabegani. Kisha akanionyesha rafu ya chupa zenye formalini, dawa kali inayozuia nyama isioze.

"Chupa isiyo na jina usiipokee, hata ikiletwa na daktari mkuu," aliniambia. "Ukichanganya majina, umechanganya watu."

Akaniacha peke yangu. Nilikuwa kijana wa Manyatta, kule Embu. Kimeru nilikielewa kwa shida, na mjini sikuwa na mtu.

Ninyi vijana mna mashine zinazofanya nusu ya kazi ile. Sisi tulitumia mikono. Mtu akija na uvimbe chini ya ngozi, Daktari wa Patholojia, yaani bingwa wa kutambua magonjwa kwa kuchunguza nyama ya mwili, aliupapasa kwanza na kuuliza kama unakua. Kisha aliudunga kwa sindano nyembamba, akiisogeza mbele na nyuma huku akivuta bomba. Kilichopatikana kilikuwa tone tu. Nililipaka kwenye kioo upesi, nikakitia kioo kwenye spiriti, halafu kwenye rangi. Chembe hai za mwili zilizomo zisipotosha kutoa jibu, alitumia sindano nene inayokata kipande chembamba kama uzi. Hicho nilikiandaa kwa dawa, nikakigandisha ndani ya nta, nikakikata tabaka nyepesi kuliko karatasi kwa ajili ya hadubini.

Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa, nayo ilifanywa kimya. Mgonjwa hakuniona. Majibu alipewa na daktari wake, huko kliniki.

Mtu mmoja tu alizoea kuja kwangu. Aliitwa Mutwiri, mkulima wa miraa kutoka Laare, mwenye uvimbe mgumu kwenye paja. Alikuwa akikaa kwa dada yake mtaani Makutano, akisubiri majibu, na kila asubuhi alipita dirishani kwangu. Mkewe alikuwa amefariki. Wangu alikuwa Manyatta akitunza shamba. Nikawa namkaribisha chai.

"Daktari, nyama yangu imefika wapi?"

"Mimi si daktari, Mutwiri. Iko kwenye nta."

"Basi iangalie vizuri. Huko nyumbani wananiambia ni mafuta tu."

Asubuhi moja Daktari wa Patholojia aliniita nitazame. Chembe zilikuwa zimejipanga ovyo, viini vyake vikubwa na vyeusi.

"Ni sarkoma," alisema. Hiyo ni kansa ya nyama laini za mwili. "Mguu unaweza kuokolewa akiwahi Nairobi. Lakini wewe usimwambie. Akiambiwa dirishani ataondoka na woga bila mpango."

Alikuwa sahihi, na hadi leo namkubalia. Lakini Mutwiri alipofika, chai ilikuwa tayari mezani.

"Imetoka?" akauliza.

"Nenda kwa daktari wa upasuaji leo. Usirudi Laare kwanza."

Alikuwa ameshainua kikombe; akakirudisha mezani bila kunywa. "Wewe umeshaona."

"Nenda, ndugu yangu."

Alipasuliwa Nairobi na mguu ukabaki, ingawa alichechemea. Najua kwa sababu baadaye nilimwona akienda kliniki. Nilimpungia mkono. Alipita akitazama mbele, nami nikaushusha. Sikumlaumu; nilikuwa nimejua kabla yake, nikamficha. Ila baada yake sikumkaribisha mtu mwingine chai.

Nilihamishiwa Embu, chini ya Mkuu wa Idara aliyesalimia kwa kichwa na kupenda vioo safi. Nilikuwa karibu na nyumbani sasa, lakini mke wangu alifariki kabla sijastaafu. Kwenye sherehe ya kuniaga, madaktari waliokuwa wakisoma vioo vyangu waliulizana mimi ni yupi.

Sasa niko Manyatta. Baada ya ibada watu hukunja mikono ya mashati wanipapasishe vivimbe vyao. Huwaambia vidole havitoshi, waende wakapimwe. Jirani yangu, Mama Wawira, alikuwa na uvimbe begani na akakataa kwenda.

"Sina wa kunisindikiza," akasema.

Nikamsindikiza. Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine, na alipoitwa akaniomba tuingie wote. Daktari alikuwa binti mdogo. Alivuta kiti chake karibu na Mama Wawira.

"Mama, ni mafuta tu. Hakuna kansa."

"Rudia tena," akasema Mama Wawira.

Daktari akarudia, polepole. Mama Wawira akanishika mkono, akaukaza, machozi yakimtoka. Miaka yote ile nilikuwa nimeandaa majibu ya watu, na sikuwahi hata mara moja kumsikia mwenye majibu akiambiwa.

"Mbona umenyamaza, Mzee Njeru?" akaniuliza.

"Nasikiliza," nikamjibu.